Tangi la matumbawe: kalsiamu imetimia, mbona matumbawe yanakufa?

Juma hili tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya bajeti ya nyumba, lakini barua moja kutoka Maskati imetuzuia. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Unguja, aliyetuomba tusilitaje jina lake. Analouliza ni jambo la nyumba chache, nasi tunajua wapo watakaosema kwamba ukurasa huu una shughuli kubwa zaidi. Hata hivyo tumeona tumjibu leo, si juma lijalo, kwa sababu amepewa siku za kuhesabu.

Habari yenyewe ni hii. Mwanawe wa pili ana umri wa miaka 15. Miaka miwili iliyopita baba yake alimnunulia tangi la maji ya bahari la lita 200. Mwanzoni walikaa samaki watatu tu. Kisha yakaja matumbawe, kwanza yale laini, baadaye yale magumu yajengayo matawi. Mama anaeleza kwamba kijana huyu si mwingi wa maneno, wala baba yake si mwingi wa maneno, ila baada ya sala ya Isha wawili hao walikuwa wakivuta viti na kukaa mbele ya tangi mpaka taa zake zizimike. Yeye huwasikia kutoka jikoni wakizungumza. Kwa muda wa miezi mitatu sasa matumbawe magumu yamekuwa yakififia rangi, na moja limekuwa jeupe kabisa. Kijana alitumia fedha zake za Idi kununua chupa ya kalsiamu, akaitia kama alivyoelekezwa dukani, na hali haikubadilika. Baba amehukumu kwamba ni uzembe, na kwamba mwisho wa mwezi tangi linauzwa. Viti vimerudishwa sebuleni.

Swali la mama ni fupi: "Mwanangu ni mzembe kweli?" Pamoja na barua ametuletea picha za kurasa mbili za daftari la kijana.

Tumezisoma kurasa hizo zaidi ya mara moja. Kila Ijumaa asubuhi kijana ameandika joto la maji, kiasi cha chumvi na kiasi cha kalsiamu. Hakuruka hata Ijumaa moja. Chumvi ni gramu 35 katika kila lita, ambacho ndicho kiwango cha bahari. Kalsiamu ni 420, kisha 425, kisha 410, kisha 430, yote kwa miligramu katika lita, na yote ni mazuri, kwa kuwa maji ya bahari yenyewe huwa na kalsiamu inayokaribia 420. Chini kabisa ya ukurasa wa pili, kwa wino mwingine, pana neno ambalo halikuwahi kutokea kabla: alkali, 5.3. Mama anasema kipimo hicho kilifanywa na mwenye duka, ambaye alikitazama, akakiandika, kisha akauza chupa nyingine ya kalsiamu.

Basi jibu letu tunalitanguliza, ili lisipotee katikati ya maelezo. Kijana huyu si mzembe. Amepima kwa uaminifu kitu ambacho hakikuwa na tatizo. Kilichopungua ni kile ambacho hakuna aliyemwambia akipime.

Sasa tueleze, na tunamwomba baba naye asome.

Tumbawe gumu ni mnyama mdogo, au tuseme jamii ya wanyama wadogo walioshikamana, ajengaye chini yake nyumba ya jiwe. Jiwe hilo ni kalsiamu kaboneti, yaani ni jamaa wa chaki na wa ganda la chaza. Ili kulijenga, mnyama huyu huchota vitu viwili katika maji: kalsiamu kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili kaboneti, ambayo baharini hupatikana zaidi katika umbo la bikaboneti. Kipimo kinachotuonyesha hazina ya hiyo bikaboneti ndicho kinachoitwa alkali. Kwa maana ya asili ni uwezo wa maji kuistahimili asidi bila kubadilika upesi. Vifaa vingi vya kupimia hutoa jibu kwa digrii, kipimo kilichotoka Ujerumani. Maji ya bahari huwa na digrii 7 hivi. Wafugaji wengi hupenda tangi lisimame mahali fulani kati ya digrii 7 na 11, na kalsiamu kati ya 380 na 450.

Siri ya mambo yote imo katika uwiano. Kila matumbawe yanapotumia miligramu 20 za kalsiamu katika kila lita ya maji, hutumia pia digrii 2.8 za alkali. Hawawezi kutumia kimoja bila cha pili, kama vile fundi asivyoweza kujenga ukuta kwa mawe bila udongo wa kuyashikisha. Tazameni basi kinachotokea. Kalsiamu ikishuka kutoka 420 hadi 400, nani atashtuka? Vifaa vingi vya nyumbani havitofautishi vizuri namba hizo mbili. Lakini katika muda huohuo alkali imeshuka kutoka digrii 8 hadi 5.2, na hapo matumbawe yamo hatarini.

Mama zetu watalielewa jambo hili kwa mfano wa wali wa nazi. Chukulieni nyumba yenye mchele vibaba 64 ndani ya gunia na nazi nane juu ya kabati. Kila siku hupikwa kibaba kimoja kwa nazi moja. Siku ya nane nazi zimekwisha, na mchele bado ni vibaba 56. Mwenye kuchungulia guniani tu atasema chakula ni tele, na atashangaa kwa nini hakuna wali wa nazi mezani. Namba hizo hatukuziokota ovyo: katika maji ya bahari hazina ya kalsiamu, ikipimwa kwa mahitaji ya ujenzi huu, ni kama mara nane ya hazina ya alkali. Kijana wetu wa Maskati amekuwa akichungulia gunia kila Ijumaa, na kila akiona limepungua kidogo huongeza mchele.

Huenda baba akauliza: je, si anabadilisha maji? Anabadilisha, lita 20 kila juma, na daftari linashuhudia. Lakini fanyeni hesabu. Maji mapya yakiwa na alkali ya digrii 8 na ya tangi yakiwa 5.3, kubadilisha sehemu moja katika kumi huinua alkali kwa robo ya digrii tu na ushei. Kwa tangi la samaki na matumbawe laini kiasi hicho hutosha, kwani hayo hayajengi mawe mengi. Kwa tangi lenye matumbawe magumu yaliyokwisha kushika na kukua, pamoja na ule mwani mgumu wa rangi ya zambarau unaotambaa juu ya mawe, matumizi ya siku moja yanaweza kupita kiasi hicho. Ndiyo maana mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Hakuharibu kitu, matumbawe yalikua, na walaji wakawa wengi kuliko chungu.

Tiba ya kwanza ni kuirudisha alkali mahali pake, polepole. Tunasema polepole kwa sababu kijana akisoma haya ataona hamu ya kumaliza kazi usiku huuhuu. Matumbawe yaliyozoea digrii 5 yakiamkia digrii 9 hupata mshtuko mwingine juu ya ule wa kwanza. Tupande nusu digrii kwa siku.

Dawa yenyewe imo jikoni. Ni magadi soda, ule unga mweupe mwororo wa keki, ambao kwa kemia ni sodiamu bikaboneti. Hapa tahadhari, kwa sababu majina yanachanganya: si magadi ya mawe yatiwayo kwenye maharage, na si hamira, wala si ule unga wa kuumulia keki uliochanganywa na asidi na wanga. Someni kwenye pakiti. Kiwe kitu kimoja tu. Gramu 3 za magadi soda huinua alkali ya lita 100 kwa digrii 1. Tangi la lita 200 kwa hiyo linahitaji gramu 3 kwa siku kupanda nusu digrii. Ziyeyushwe katika glasi ya maji safi yasiyo na chumvi, kisha zimiminwe taratibu mahali penye mkondo mkali, mbali na matumbawe. Ndani ya siku tano au sita kijana atakuwa anakaribia digrii 8. Mizani ndogo ya jikoni ipimayo gramu moja moja itamfaa zaidi kuliko kijiko, maana kijiko cha huyu kimejaa na cha yule kimefutwa. Katika siku hizo chupa ya kalsiamu ikae kabatini.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, ahakikishe kipimo cha chumvi. Namba zote nyingine hupanda na kushuka pamoja nayo. Maji yenye kalsiamu 420 katika chumvi ya 35, yakizimuliwa hadi 31, yatasoma 372 bila tumbawe lolote kula kitu. Kifaa cha kupimia chumvi kisiporekebishwa mara kwa mara huanza kusema uongo kwa upole, na uongo wa upole ndio mgumu kuugundua.

Alkali ikifika digrii 8, kazi ya pili ni kujua tangi linakula kiasi gani. Hii ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka. Kwa siku mbili au tatu asiongeze kitu chochote, na kila siku saa ileile apime alkali. Saa ileile, kwa sababu matumbawe hujenga zaidi mchana, mwanga unapowapa nguvu wale mwani wadogo wakaao ndani ya miili yao. Kipimo cha asubuhi na cha jioni si vya kulinganishwa. Tuseme siku ya kwanza ni 8.4, ya pili 7.8, ya tatu 7.2. Basi tangi linakula digrii 0.6 kwa siku. Hiyo ndiyo posho yake. Kwa lita 200 posho hiyo ni gramu 3.6 za magadi soda kila siku, na kwa kuwa tumekwisha kuujua uwiano, kalsiamu inayokwenda nayo ni zaidi kidogo ya miligramu 4 katika lita, ambayo hupatikana katika gramu 3.2 hivi za kloridi ya kalsiamu, ile ya chengachenga iliyo na maji ndani ya fuwele zake.

Mkemia wa Kimarekani Randy Holmes-Farley, aliyeandika kwa miaka mingi juu ya kemia ya matangi haya, ametoa kanuni ambayo mtu yeyote mwenye jiko anaweza kuifuata. Chupa ya kwanza ina gramu 500 za hiyo kloridi ya kalsiamu, zilizoyeyushwa mpaka kufikia jumla ya lita 3.8. Chupa ya pili ina gramu 594 za magadi soda, ila kwanza hutandazwa kwenye sinia na kuokwa katika joto la digrii 150 kwa saa nzima, kisha ndipo huyeyushwa mpaka kufikia lita 3.8 vilevile. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba chupa mbili hutumika kwa vipimo sawa. Kwa posho ya tangi letu la mfano, ni mililita 23 hivi za kila moja kwa siku, zinazopimika kwa bomba la sindano la duka la dawa. Kloridi ya kalsiamu ikitiwa majini hupata moto, kwa hiyo itiwe kidogokidogo na chombo kisiwe cha kioo chembamba. Wala isinunuliwe ile isiyojulikana usafi wake.

Kwa nini kuoka? Joto huondoa mvuke na hewa ya kaboni katika magadi soda na kuyageuza kuwa kaboneti. Yale yaliyookwa huinua kidogo pH ya maji, na yale mabichi huishusha kidogo kwa kitambo. Katika nyumba ya Maskati, ambako madirisha hufungwa miezi mingi kwa ajili ya kiyoyozi, hewa ya kaboni tunayoipumua watu wa ndani hujilimbikiza na kuingia majini, na pH ya tangi huwa chini tayari. Ndiyo maana tumechagua kuoka. Mwenye kuishi Tanga na madirisha wazi kwa upepo wa bahari anaweza kutumia mabichi bila shaka yoyote, ila kanuni yake ni nusu ya uzito katika chupa zote mbili, kwa kuwa magadi soda mabichi hayakubali kuyeyuka kwa wingi ule, na kipimo cha kila siku kitakuwa mara mbili.

Hapa tunalazimika kukiri la kwetu. Miaka kadhaa iliyopita, katika tangi la nyumbani, tulikuwa na haraka ya kwenda arusini. Tukamimina chupa ya kwanza, na kabla haijachanganyika tukamimina ya pili palepale. Maji yaligeuka kama tui. Kalsiamu na kaboneti zilipokutana kwa wingi mahali pamoja, hazikungoja tumbawe kujenga. Zikajijengea zenyewe jiwe, unga mweupe ulioanguka juu ya kila kitu. Tulirudi usiku tukakuta pampu imekwama, alkali iko chini kuliko tulipoanza, na tumbawe moja la matawi, tulilolilea kutoka kipande cha ukubwa wa kidole, limeanza kumwaga nyama yake. Siku ya tatu lilikuwa mifupa. Fedha zilizopotea hazikutuuma kama kuona kwamba tumeliua kwa dawa. Kwa hiyo tunasisitiza: chupa moja asubuhi, nyingine jioni, na isipowezekana, zipite dakika za kutosha maji kuzunguka tangi zima. Hatukumbuki vizuri hata bwana arusi alivaa nini.

Pana madini ya tatu yanayohusika na jambo hili, nayo ni magnesiamu. Kazi yake moja ni kuzuia lile jiwe lisijijenge ovyo: huingia katika chembe changa za chokaa na kuzikwaza zisiendelee kukua. Bahari huwa nayo kama miligramu 1,300 katika lita. Kijana akiipima mara moja kwa mwezi inatosha. Ikiwa kila akiongeza alkali haipandi, na pampu na kipasha joto vinaota ukoko mweupe, aitazame magnesiamu kwanza kabla ya kulaumu chupa.

Iko njia nyingine, ambayo sisi wa pwani tuna undugu nayo, nayo ni maji ya chokaa. Peter Wilkens, mwandishi wa Kijerumani, aliieneza miongoni mwa wafugaji wa Ulaya tangu miaka ya 1970, na mpaka leo wengi duniani huiita kwa jina lake la Kijerumani. Lakini chokaa yenyewe babu zetu waliijua zamani. Nyumba za Mji Mkongwe, za Lamu na magofu ya Kilwa ni mawe ya matumbawe yaliyoshikishwa kwa chokaa iliyotokana na matumbawe hayohayo. Yalirundikwa juu ya magogo, yakachomwa, hewa ya kaboni ikatoka, ukabaki unga mkali. Ukitiwa maji hutokota na kulainika, na ukipakwa ukutani huivuta tena ile hewa polepole mpaka ukawa jiwe kama mwanzo. Katika tangi, maji ya chokaa huikamata hewa ya kaboni iliyomo majini, na pamoja huwa kalsiamu na bikaboneti kwa uwiano uleule anaoutaka mnyama. Tumbawe hulichukua, likawa tumbawe. (Kijana akitaka kujua upande wa pili wa historia hii, amwulize mzee yeyote wa Mikindani juu ya matumbawe hai yaliyochimbwa kwa ajili ya matanuri, si habari ya kufurahisha.)

Lita moja ya maji safi haibebi chokaa zaidi ya gramu moja na nusu au karibu mbili. Hutiwa, hutikiswa, huachwa ituame, na yale meupe chini hayatumiwi. Lita moja ya maji hayo yaliyochujika ina alkali ya kuinua tangi la lita 200 kwa kama digrii 0.57, na kalsiamu yake humo humo. Maana yake ni kwamba tangi la mfano wetu, lenye kula 0.6, lingetosheka na lita moja kwa siku, ambayo kwa hali ya ukavu wa kiyoyozi hukaukia hewani bila shida, na ingelazimika kujazwa hata hivyo. Ni njia rahisi kwa fedha. Lakini pH yake ni zaidi ya 12. Idondoke tone moja moja usiku, isimiminwe kamwe. Na kwa nyumba yenye watoto wadogo, kama nyumba ya mama huyu, chokaa hiyo huunguza macho na ngozi na lazima ifungiwe. Isitumike chokaa ya kupakia nyumba, wala ile ya tambuu ya bibi, kwa kuwa hatujui imechanganywa na nini. Kwa kweli, kwa kijana wa miaka 15 mwenye wadogo zake ndani, sisi tungechagua zile chupa mbili.

Tuongeze neno moja kwa kijana mwenyewe. Akiisha kuiona nguvu ya alkali, asije akadhani kwamba 11 ni bora kuliko 8. Wafugaji wengi wameona ncha za matumbawe ya matawi zikiungua pale alkali inapokuwa juu katika maji yenye chakula kidogo. Tangi lisimamalo kwenye 7.8 mwezi mzima huwapendeza wanyama kuliko lile lenye 7 Jumapili na 10 Alhamisi. Achague namba, akae nayo.

Mama amegusia pia kwamba mjomba wa kijana, ambaye ni mvuvi, amejitolea kumvunjia tumbawe lingine baharini ili kufuta huzuni. Tunaishukuru nia yake, lakini asifanye hivyo. Visiwa vya Daymaniyat vilivyo karibu nao ni hifadhi tangu 1996, na matumbawe magumu ya dunia nzima yamo katika orodha ya viumbe ambavyo biashara yake ya kimataifa hudhibitiwa kwa vibali. Zaidi ya hayo, kipande kipya kikitiwa katika maji yenye alkali ya 5 kitakufa kama mwenzake. Baada ya miezi miwili ya maji yaliyotulia, kijana ataweza kukata kipande katika matumbawe yake mwenyewe na kukipandikiza. Hivyo ndivyo wafugaji wanavyopeana.

Limebaki lile tumbawe jeupe. Mama anauliza kama litarudi. Inategemea weupe wake. Kijana alitazame usiku kwa tochi, karibu sana. Akiona utando mwembamba wa nyama, hata kama ni wa kupenyeza mwanga kama ngozi ya kitunguu, na vikono vidogo vinavyojikunja, basi limepoteza ule mwani wa ndani tu na bado li hai. Maji yakitengemaa linaweza kurudisha rangi, ingawa huchukua majuma mengi. Alipunguzie mwanga kidogo, asilihamishehamishe. Lakini akiona jiwe tupu lenye vitundu vikavu, na majani ya kijani yameanza kuota juu yake, limekwisha kufa, na hakuna cha kulirudisha. Jiwe hilo halina haja ya kutupwa. Likisuguliwa na kuachwa ndani, mwani wa zambarau utalifunika, na samaki watalala chini yake.

Mwisho wa mwezi, kwa hesabu ya barua, ni siku kumi na saba tangu gazeti hili litoke. Siku sita za kupandisha, tatu za kupima posho, zinabaki nane za kuangalia. Si muda wa kuyaona matumbawe yakikua, ila ni muda wa kutosha kuona namba ikisimama mahali pamoja siku baada ya siku. Tunamwomba baba jambo moja tu: kabla ya kulipima tangi, alisome daftari, tangu Ijumaa ya kwanza. Na mama, mwambieni kijana achore safu ya nne kwenye kurasa zake, aandike juu yake neno alkali, na baba ndiye awe wa kuhesabu matone kifaa kinapobadilika rangi, kwa kuwa kazi hiyo huenda vizuri zaidi ikiwa na watu wawili.

Mazungumzo ya bajeti yataendelea juma lijalo, in shaa Allah.